Harita, Mkunazi na Majivu: Ufuaji wa Wazee Katika Mabeseni ya Kibera na Kawangware



Mama mmoja wa Kawangware alinikaribisha chai, nami nikaiona mikono yake kabla sijaiona chai yenyewe. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka kwenye viungo, kucha za gumba zimeanza kuachana na nyama, na viganja vina wekundu kama wa mtu aliyeungua kwa mvuke. Kazi yake ni mama fua. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili huvuka kutoka mtaani kwao hadi Lavington, akaketi kando ya njia pamoja na wenziwe kumngojea mwenye nyumba atakayemwita. Na akiitwa, hufua nguo za wiki nzima za watu asiowajua hata kwa majina. Nilipomwuliza kama mikono ile inamuuma, alicheka.

"Kuuma nimezoea, dada," akasema. "Shida ni ndimu. Siku hizi ndimu hukamuliwa na mwanangu."

Sikuwa nimekwenda Nairobi kwa ajili ya mikono ya mtu. Nilikwenda kwa arusi. Mdogo wangu ameolewa Makina, katika Kibera, kwenye nyumba ya Wanubi, na wifi yake alikuwa anaozwa. Katika vitu alivyoniagiza kutoka Mombasa, pamoja na nazi na udi, alitaja nusu kilo ya harita. Hilo lilinishangaza. Harita nilikuwa nikiijua kama jambo la zama za bibi zetu: lile tunda dogo la mharita, lenye ganda la kahawia lililokunjamana na kokwa nyeusi inayong'aa, ambalo masonara walilitumia kusafishia fedha na dhahabu, na wanawake wakalitumia kufulia hariri. Jina lake lilivuka bahari pamoja na tunda lenyewe kutoka Bara Hindi, na mpaka leo ukiingia katika duka la viungo la Mgujarati ukitaka aritha, atakuelewa mara moja. Nililipata Markiti, nyuma ya magunia ya bizari, na muuzaji akaniuliza kama naitaka kwa nywele. Nilipomwambia ni ya nguo, alinitazama kwa huruma kidogo.

Sababu ya agizo ilikuwa gurbaba. Ndilo vazi la heshima la mwanamke wa Kinubi, kitambaa cha kujifunga kilichotarizwa kwa mkono kwa nyuzi za rangi kali, na katika nyumba ile ziko zilizorithiwa kwa mama na bibi. Moja ilikuwa imefuliwa mwaka uliotangulia kwa sabuni ya unga, ile ambayo Nairobi nzima huiita omo hata kama pakiti imeandikwa jina jingine. Nyuzi nyekundu zilitoa rangi zikaichafua ile nyeupe. Haboba wa nyumba hiyo, yaani bibi kwa lugha yao, aliikunja akaiweka chini ya sanduku, na hakumkemea mtu. Mdogo wangu anasema afadhali angalikemea.

Wengi wetu pwani tunaijua Kibera kwa sifa moja tu, ya umasikini, tukasahau kwamba ni miongoni mwa vijiji vikongwe vya Kiislamu katika Nairobi. Wanubi ni wazao wa askari wa Kisudani walioingizwa katika jeshi la Waingereza, wengi wao wakitokana na kikosi cha Emin Pasha ambacho Lugard alikichukua mwaka 1891. Walianza kukaa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1912 serikali ya kikoloni ikaitangaza ardhi ile, ekari 4,197, kuwa hifadhi ya jeshi. Jina lenyewe ni la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipopewa hati ya ardhi, ilikuwa ya ekari 288. Nayataja hayo kwa sababu ufuaji wa wazee ulihitaji miti, na miti huhitaji mahali pa kusimama. Kati ya reli na soko la Toi nilitembea siku nne nisione mti ambao mtu angeweza kuchuma majani yake bila kugombana na mwenye ploti.

Haboba alipoishika ile harita aliinusa, akaigonga kokwa kwa kucha, akasema si yenyewe lakini inafanana. Yenyewe, kwake, ni mti ambao hata yeye hakuwahi kuuona. Aliusikia kwa mama yake, naye alisikia kwa wake. Nilipouliza sifa zake, nikatambua kwamba ni mjunju, mti wa miiba wa nchi kavu, ambao Wasudani huuita hijliji na tunda lake lalobu. Unaota kutoka Sudan hadi Karamoja, Turkana na Baringo. Matunda yake huliwa, na magome na mizizi yake ikipondwa ndani ya maji hutoa povu ambalo watu wa huko wamelifulia nguo tangu zamani. Askari waliuacha mti nyuma wakabaki na habari yake. Vizazi vitatu katika baridi ya Nairobi, na bado bibi anajua kwamba sabuni ilikuwa gome.

Basi tulifua.

Nilichukua maganda kumi na tano, nikayatoa kokwa, nikayachemsha katika lita moja ya maji kwa muda wa robo saa juu ya makaa yaliyobaki baada ya ugali. Asiye na moto wa ziada huyaloweka usiku kucha, nayo hufaa vilevile. Yalipopoa nikayafikicha kwa mkono, nikachuja kwa kitambaa. Hutoka maji ya rangi ya chai kavu, yenye harufu ya siki kidogo, na ukiyapigapiga hutoa povu jepesi linalozimika upesi. Maganda yaleyale hufaa kuchemshwa mara ya pili, na hata ya tatu ikiwa nguo si chafu sana. Jambo la kuangalia ni kwamba maji hayo hayakai: siku ya tatu huanza kuchacha, kwa hiyo mtu hutengeneza ya kumtosha siku ile tu.

Tuliweka mabeseni matatu uani. La kwanza lilikuwa la mabuibui mawili, langu na la mdogo wangu. Tuliyaloweka nusu saa, tukayakamua bila kuyasugua, tukayasuuza mara mbili. Yalitoka meusi kama yalivyoingia, bila ule weupe wa vumbi la sabuni unaobaki kwenye mishono, na tangu hapo sikulifua tena buibui kwa kitu kingine. La pili lilikuwa la gurbaba ya arusi. Haboba mwenyewe aliketi juu ya kigoda kuisimamia, akalowesha kwanza ncha moja ya kitambaa na kuikandamiza juu ya leso nyeupe, aone kama rangi inatoka. Haikutoka. Akaizamisha yote, na hakuna aliyeongea mpaka ilipotundikwa kivulini.

Beseni la tatu ndilo lililotufedhehesha. Tulitia mashati mawili ya shule, kanzu nyeupe ya shemeji, na kitambaa cha meza chenye mafuta ya pilau. Kosi za mashati zilibaki na mstari wao wa jasho na vumbi. Kanzu ilitakata lakini ikapata ukungu wa kahawia, mpaka shemeji akauliza kama imefuliwa kwa chai. Mafuta ya pilau yalipungua, hayakwisha. Tulirudi kwenye sabuni ya mche, tukasugua, na kanzu ikamalizwa kwa nili kama desturi.

Kwa nini harita ishinde hapa na ishindwe pale? Ndani ya ganda lake mna kitu kiitwacho saponini, jina lililotokana na neno la Kilatini la sabuni. Kila chembe yake ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Ncha ya pili huung'ang'ania uchafu wenye mafuta na ile ya kwanza huuvuta utoke na maji. Hivyo ndivyo ifanyavyo sabuni yoyote, ila saponini ni mpole, na haina magadi ndani yake. Upole huo ndio unaoinusuru hariri, sufu na rangi, na ndio huohuo unaoziacha kosi za shule zikiwa chafu. Sabuni ya unga ina magadi ya kuyeyusha mafuta, mara nyingi ina vimeng'enya vya kuvunja damu na jasho, tena ina dawa ya kung'arisha inayolipa jicho mng'ao wa samawati juu ya nguo nyeupe. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyofanywa zamani na nili. Na dawa hiyohiyo ya kung'arisha ndiyo adui wa buibui.

Kuna faida moja zaidi ambayo watu wa pwani wataithamini. Sabuni ya mche ikikutana na maji ya kisima chenye chumvi na chokaa huganda ikawa utando mweupe, mtu akasugua mpaka akachoka asipate povu. Saponini haigandi hivyo. Nadhani ndiyo sababu mojawapo ya harita kudumu muda mrefu katika miji yetu ya visima.

Mkunazi nao hatuwezi kuupita kimya, kwani Muislamu haihitaji Nairobi wala Bara Hindi kumfundisha kwamba jani hufua. Sote tunajua majani ya mkunazi katika kuosha maiti, na tunajua mafunzo aliyopewa Umm Atiyya alipomwosha binti wa Mtume, rehema na amani zimshukie: kwa maji na mkunazi, kwa idadi ya witiri, na kafuri katika mwosho wa mwisho. Wachache zaidi wanakumbuka ile ya Umm Qays bint Mihsan, katika mapokezi ya Abu Daud, alipouliza juu ya damu ya hedhi iliyoingia katika nguo; akaelekezwa aikwangue kwa kijiti kisha aifue kwa maji na mkunazi. Hayo ni maelezo ya kufua nguo, tena doa gumu. Majani hayo yakikaushwa na kupondwa hutoa povu laini, kwani nayo yana saponini. Makina majani ya mkunazi hukaa ndani ya kopo juu ya kabati, huletwa na wageni kutoka pwani, na hayaguswi ila kwa msiba. Nilipopendekeza tuyajaribu kwenye nguo za mtoto, mdogo wangu alinijibu kwamba akilifungua kopo lile mchana wa arusi, jirani zote watakuja kutoa pole. Sikubishana naye.

Siku iliyofuata arusi, mdogo wangu alinipeleka Kawangware kwa rafiki yake wa siku nyingi. Waliwahi kuuza mitumba pamoja pale Toi. Tulipanda matatu barabara ya Ngong, tukashuka Dagoretti Corner, tukaifuata Naivasha Road. Ndiye huyo mama wa ndimu.

Yeye asili yake ni upande wa magharibi, Mluhya, na alipoyasikia mambo ya harita alisema kwao sabuni ilikuwa jivu. Bibi yake alichoma maganda na mabua ya maharage, akalitia jivu katika chungu chenye matundu chini, akamimina maji juu yake taratibu. Yaliyodondoka chini yalikuwa ya manjano na ya utelezi. Kidogo chake kilitiwa katika mboga za kunde ili zilainike, na mpaka leo Waluhya wa Nairobi hawali mboga hizo kwa raha bila ya munyu huo. Kingi chake kilifulia mablanketi. Hili halikumshangaza mtu yeyote wa zamani popote duniani: maji ya jivu yana pottasi, ambayo ni ndugu wa magadi, na yakikutana na mafuta ya mwili yaliyo katika nguo huyageuza yakawa sabuni papo hapo. Ukiyachanganya na mafuta ya nazi na kuyapika, utapata sabuni ya kweli.

Nikamwuliza kama angeyarudia. Alinyanyua vidole vyake. "Hayo maji ndiyo yatakayonimaliza kabisa. Bibi alikuwa akifua mara moja kwa wiki. Mimi nafua siku sita."

Alisema kweli, na alisema jambo ambalo sisi waandishi wa habari za asili hulikwepa. Jivu ni la asili na linachoma. Magadi nayo ni ya asili. Yanachimbwa katika ziwa la jina hilo, kusini-magharibi ya Nairobi, na kampuni ya kuyachimba iliundwa tangu mwaka 1911. Sehemu ya magadi ya dunia huishia katika sabuni za unga. Kwa hiyo mama huyu anapochovya mkono katika beseni la Lavington, anachovya katika jivu la bibi yake lililorudi ndani ya pakiti, likiwa na nguvu zaidi na kwa saa nyingi zaidi. Ngozi ya binadamu ina mafuta yake mwenyewe. Magadi hayatofautishi mafuta ya shati na mafuta ya kidole. Tena jivu la mjini silo lile la mabua ya maharage. Majiko mengi huwashwa kwa karatasi za nailoni, na jivu lake ni la kumwaga, si la kutia mkono.

Maadamu tunasema kweli, tuseme yote. Kuna mmea wa nyanda za juu, unaoota Ethiopia na pia katika milima ya Kenya, ambao Wahabeshi huuita endod. Matunda yake madogo yakikaushwa na kusagwa hutoa povu kubwa, na wanawake wa Ethiopia wamefulia shuka zao nyeupe kwa karne nyingi. Mwaka 1964 mwanasayansi wa huko, Dkt. Aklilu Lemma, akiwa katika mji wa Adwa, aliona kwamba chini ya mahali walipofulia wanawake mtoni konokono wengi walikuwa wamekufa. Konokono hao ndio wabebao vijidudu vya kichocho, ugonjwa ambao wazazi wa Kwale na wa Pemba hawahitaji kuelezwa. Akaufuata uchunguzi huo maisha yake yote, na mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes wakapewa tuzo ya Right Livelihood. Mjunju nao una tabia hiyo; daktari Archibald aliandika kutoka Sudan mwaka 1933 juu ya kuyatumia matunda yake dhidi ya konokono wa kichocho.

Habari njema, naam. Lakini isome mara ya pili. Povu linaloua konokono huua na samaki. Endod ikimezwa ni sumu. Maji ya harita yakiingia jichoni huwasha vikali, kama alivyojua mpwa wangu siku ya pili, na kokwa zake hazifai kuachwa anapochezea mtoto. Utomvu wa mpapai, ambao majani yake yamewahi kupondwa kuondolea madoa huku kwetu, huwasha ngozi. Heri ya mimea hii ni kwamba saponini huoza katika siku chache, haikai. Ziwa la bwawa la Nairobi, hapo chini ya Kibera, lilikuwa zamani mahali pa kuendesha mashua; baadaye likafunikwa na gugu maji lililostawi kwa uchafu wa vyoo pamoja na fosfati na takataka nyingine. Sitamdanganya mtu kwamba Makina yote ikifua kwa harita bwawa litatakata. Uchafu wa vyoo peke yake unalitosha.

Pale ambapo harita iliwashangaza wenyeji ni katika maji. Mtaani humo maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na bei hupanda maradufu na zaidi yanapokatika. Sabuni ya unga ya bei ya chini hutoa povu jingi, na povu halitoki ila kwa kusuuza tena na tena. Mama wa Kawangware aliniambia kwamba nusu ya mitungi yake huishia kufukuza povu. Kwa harita tulisuuza mara mbili tu. Hata hivyo asije mtu akafanya pupa. Nguo yenye najisi haitoharishwi na maji ya harita. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, maji yaliyobadilishwa na kitu safi mpaka yakakosa kuitwa maji tu, hubaki safi lakini hayatoharishi. Hivyo najisi huondolewa kwa maji matupu, na harita ni msaidizi wa uchafu. Nepi za mtoto na nguo za mgonjwa nazo zinataka sabuni, maji ya moto na jua. Harita si mahali pake.

Na bei? Nilipiga hesabu juu ya goti la mdogo wangu, na hesabu haikupendeza. Harita inayouzwa Nairobi hutoka mbali, na fedha niliyolipa kwa nusu kilo ingenunua vifuko vidogo vya sabuni ya unga vya kumtosha mfuaji wiki nyingi. Wazee hawakufua kwa miti kwa sababu ya hekima tu. Walifua kwa miti kwa sababu mti ulikuwa uani na haukuuzwa. Anayekuambia leo kwamba harita ni sabuni ya masikini hajapanga chumba Kawangware. Mharita huchukua miaka kabla ya kuzaa, na mpangaji hana miaka. Hata sukuma wiki yake huipanda ndani ya gunia ili aweze kuhama nayo. Sisi wenye viwanja pwani ndio tungeweza kuipanda.

Lakini hesabu ile ilikuwa ya nguo, haikutia mikono. Nilimwachia mama wa Kawangware kilichobaki katika mfuko wangu. Aliichukua kwa adabu, na sikutegemea kwamba ataitumia. Wiki tatu baadaye alinipigia simu. Mwenye nyumba mmoja wa Lavington alikuwa ameikataa palepale. Aliona beseni halina povu akasema nguo zake hazitatakata, akamrudishia unga wake. Mwingine alikubali kwa sweta na hariri, kisha akaongeza na mashuka ya rangi. Siku mbili kati ya sita, basi, mikono yake haikuingia katika magadi, na jioni aliipaka mafuta ya nazi niliyomwachia. Mipasuko ya vidole viwili ilikuwa imefunga. Kucha bado. Kisha akanieleza tatizo ambalo sikuliwaza: kuchemsha na kuchuja kunamchukua saa nzima, na yeye hulipwa kwa siku, si kwa saa. Nyumba ya pili aliyokuwa akiiwahi mchana haiwahi tena. "Wewe ungenilipa hiyo saa?" akaniuliza, na hakuwa anatania.

Sikuwa na jibu la kumpa kwenye simu, kwa sababu nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Mombasa, karibu na ndoo ya sabuni ya unga ya bei rahisi kuliko zote, niliyoinunua mwenyewe kwa ajili ya mama anayetufulia kila Alhamisi. Amekuja nyumbani kwetu miaka saba. Najua watoto wake wanasoma wapi na ninajua hapendi bamia. Mikono yake sikuwahi kuitazama.

Alhamisi ile nilimwomba anionyeshe. Aliifunika kwanza kwa leso, akadhani amevunja kitu. Nilimweleza habari ya Makina na ya Kawangware, nikamwonyesha mfuko wa harita nilioununua upya, na nikamwambia saa ya kuchemsha itakuwa juu yangu. Alichukua ganda moja, akalifikicha, akalinusa kama alivyofanya Haboba.

"Hii ni ya buibui lako au ni ya mikono yangu?" akauliza.

Nikamwambia kosi za watoto na kanzu za mzee zitabaki kwenye sabuni ya mche, tena kwa glavu. Vilivyobaki vyote ni harita. Siku hizi huloweka mimi mwenyewe usiku wa Jumatano, maganda thelathini katika sufuria kubwa, na anapofika asubuhi hukuta imekwisha kuchujwa.